Sura ya Tatu: Siasa ya Joto

Mwenye gari aghalabu hudhani kuwa gari lake huendeshwa na petroli. Dhana hiyo si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Kwa kuwa petroli iliyomo tangini ni kitu kilichotulia, kisichoweza kusukuma hata kokoto, wala haiwi nguvu mpaka igeuzwe joto. Joto ndilo linaloitanua hewa ndani ya silinda, hewa iliyotanuka ndiyo inayoisukuma pistoni, pistoni ndiyo inayoizungusha krenki, na kutoka kwenye krenki mzunguko hupita katika gia boksi na ekseli hata ukafika magurudumuni. Gari, basi, ni mtambo wa joto tangu mwanzo wake hadi mwisho wake. Na kazi zote za matunzo ambazo mwenye gari aweza kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe uani kwake, awe mkaazi wa Mbagala au Tegeta, Tandika au Bunju, ukizichungua utaona kuwa ni kazi moja yenye majina mengi: kulitawala joto kwa siasa, lipate kutenda pale linapotakiwa, na kuliondosha upesi pale lisipotakiwa.

Kanuni ya injini ya petroli tuitumiayo leo ilithibitishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, nayo haijabadilika katika asili yake, ingawa vyombo vilivyoizunguka vimebadilika sana. Pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli. Hupanda ikaushindilia mchanganyiko huo. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni hupanda tena ikautoa moshi. Katika mapigo hayo manne ni pigo moja tu lizalishalo, na matatu yaliyosalia hula katika pato la hilo moja. Injini izungukayo mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 25 kwa sekunde katika kila silinda, na mwali wa kila mwako hupita nyuzijoto 2,000 za Selisiasi, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo madini ya silinda hedi za magari mengi ya siku hizi, huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Ikiwa hedi haiyeyuki, sababu yake si ugumu wa madini, bali ni kwamba maji na oili huliondosha joto hilo kila sekunde bila ya kupumzika. Na siku viwili hivi vikikoma, hata kwa muda wa dakika chache, injini iliyodumu miaka 15 hufa barabarani mchana kweupe.

Tena joto hilo si dogo. Kwa kadirio la wahandisi, katika kila lita tatu za petroli ni lita moja hivi, na pengine pungufu yake, ndiyo igeukayo mwendo; ya pili hutoka na moshi kwa njia ya ekzosi, na ya tatu huishia katika maji ya rejeta na katika hewa iizungukayo injini. Rejeta nayo haina uwezo wake yenyewe: humwaga joto kwa tofauti tu iliyopo baina ya maji yaliyomo ndani na hewa ipitayo nje. Hapa Dar es Salaam, baina ya Desemba na Machi, hewa ya kivulini mchana hukaribia nyuzijoto 32, na ile inayopanda kutoka kwenye lami huzidi hapo. Na gari likiwa limesimama katika foleni ya Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, upepo wa mwendo, ambao ndio msaidizi mkuu wa rejeta, haupo kabisa, na mzigo wote huachiwa feni peke yake. Kwa hiyo kasoro ndogo, ambayo katika mji wa baridi ingejificha mwaka mzima, hapa hudhihirika katika jioni moja.

Jambo jingine lapasa kukumbukwa. Magari mengi ya watu wa kadiri katika vitongoji vyetu, kama vile Toyota Vitz iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999 na Toyota IST iliyofuata mwaka 2002, huja kwetu baada ya kutumika huko. Huko Japani sheria hulipeleka gari dogo la mtu binafsi mbele ya mkaguzi baada ya miaka 3 ya mwanzo, na tangu hapo kila miaka 2, akalichungua breki, taa, moshi na usukani. Kenya imekataa kulipokea gari lililopita umri wa miaka 8. Tanzania hulipokea, ila hulitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Matokeo ni kwamba gari hushuka bandarini likiwa na umri wake wote, na tangu siku hiyo mkaguzi wa kila asubuhi ni mwenye nalo. Sura hii yamhusu yeye.

Maji

Rejeta ni safu ya mirija myembamba iliyopangwa baina ya mabati membamba zaidi, ili maji ya moto yaguse eneo kubwa la hewa kwa wakati mmoja. Pampu huyasukuma maji yapite katika vifereji vilivyochimbwa kuzunguka silinda, yachukue joto, yaje kwenye rejeta yalitue, kisha yarudi. Njiani pana kilango kidogo kiitwacho themostati, ambacho hufungwa injini ikiwa baridi na kufunguka maji yafikapo nyuzijoto 82 au zaidi kidogo. Juu pana kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukidhania kuwa kizibo tu; kumbe kazi yake ni kuyabana maji kwa shinikizo linalokaribia uzito mmoja wa ziada wa hewa, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzijoto 100, bali hustahimili hata karibu ya 120. Kifuniko ambacho mpira wake umekufa huyaachia maji yachemke mapema, na mwenye gari akaenda kununua rejeta nzima kwa kosa la kifuniko.

Ama maji yenyewe, hapa pana balaa ya mji wetu. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vile vilivyo karibu na pwani, vina maji ya chumvi, na mwenye gari ambaye hawezi kuyanywa maji hayo huyatia bila ya wasiwasi katika rejeta. Chumvi huila aluminiamu na chuma. Chokaa iliyomo majini hujigandisha ndani ya mirija. Na baada ya mwaka mmoja au miwili ukifungua utaona tope la rangi ya kutu. Kitiwacho ni kulanti, ambayo huzuia kutu na kukipandisha kiwango cha kuchemka, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, kama yale yauzwayo katika vituo vya petroli kwa ajili ya kuongezea betri. Na mnunuzi asome chupa vizuri, asije akachukua asidi. Kulanti nyingine huuzwa ikiwa imekwisha changanywa, nayo haitaki kuongezwa maji.

Ukaguzi wa maji hufanywa asubuhi injini ikiwa baridi, kabla ya kuiwasha. Fungua boneti, tazama chupa ya akiba iliyo kando ya rejeta, uone kama maji yapo baina ya alama ya chini na alama ya juu. Mfumo huu umefungwa pande zote, na maji hayana haki ya kupungua. Yakipungua mara moja baada ya miezi, ongeza. Yakipungua kila juma, yanatoka mahali, na wajibu wako ni kutafuta mahali hapo. Gusa mipira miwili minene ya rejeta: iwe imara lakini inakubali kubonyea. Ikiwa imekuwa migumu na yenye nyufa, au imelainika na kuvimba karibu na klempu, ibadilishe kabla haijapasuka. Tazama na ardhi pale gari lilipolala: doa la maji yenye rangi ya kijani, nyekundu au waridi ni kulanti, na tone jeusi la utelezi ni oili. Maji meupe safi yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi, nayo hayana neno.

Katika gereji moja bubu ya Mwananyamala, chini ya mwembe, mama mmoja mwalimu alilileta gari lake lililochemka mara mbili katika juma moja. Fundi, kijana hodari wa mikono, alifungua, akaitoa themostati na kuishika baina ya vidole viwili.

"Mama, hii tuitupe tu. Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi."

"Na huyo aliyeiweka, mwanangu, alikuwa hajui?"

"Alijua, mama, lakini alikuwa Japani."

Mwalimu alicheka, lakini hakukubali. Alimwomba mama lishe wa jirani amwazime sufuria ya maji iliyokuwa jikoni, wakakitumbukiza kilango kile humo kwa uzi, wakatazama. Maji yalichemka, mapovu yakapanda, na kilango kikabaki kimefumba vile vile. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe, "Basi imekufa, mama. Tutafute nyingine." Iliyonunuliwa mpya nayo ilijaribiwa katika sufuria ile ile, ikafunguka kabla maji hayajachemka, ndipo ikafungwa.

Tumelieleza tukio hili kwa sababu desturi ya kuitoa themostati imeenea mno katika gereji zetu, na hoja yake ina sura ya akili. Kosa lake ni kwamba injini haikukusudiwa kuwa baridi, bali ilikusudiwa kuwa na joto moja lisilobadilika. Ikikosa themostati huchelewa kupata joto lake. Kompyuta ya gari, ikiona injini bado baridi, huendelea kuinyunyizia petroli nyingi kupita haja. Petroli isiyoungua yote huosha oili katika kuta za silinda. Na unyevu ambao ungekaushwa na joto hubaki katika oili ukazaa utope. Fauka ya hayo, katika injini ambazo themostati yake huziba pia njia ya mkato, kuitoa huiacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji hurudi ndani ya injini bila ya kupita katika rejeta. Yaani dawa iliyotolewa kwa ajili ya kuchemka huleta kuchemka.

Na ikiwa mshale wa joto umepanda barabarani? Kwanza zima kiyoyozi. Pili, fungua kipasha joto cha ndani hadi mwisho wake, madirisha yakiwa wazi. Utatoka jasho, lakini kipasha joto ni rejeta ndogo ya pili, nacho kitaipunguzia injini mzigo wakati unapotafuta pa kusimama. Tatu, simama pembeni uzime injini. Nne, usikiguse kifuniko cha rejeta kwa muda usiopungua nusu saa. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzijoto 115 yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja, na wengi wameungua uso na vifua kwa pupa ya dakika moja. Tano, usiimwagie injini ya moto maji ya baridi, kwa kuwa hedi hupinda na gasketi yake ikafa. Magari mengi madogo hayana mshale, yana taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikipita kiasi; mwenye gari la namna hiyo aelewe kuwa taa nyekundu haimwonyi, bali yamhukumu, na azime injini papo hapo.

Oili

Maji huondosha joto la mwako. Oili huondosha joto la msuguano, tena hufika pale ambapo maji hayawezi kufika: katika beringi za krenki, chini ya pistoni, na katika kamshafti. Kadhalika hutenganisha chuma na chuma, hubeba masizi na vumbi la madini hadi kwenye filta, na huzuia kutu. Mkaguzi wake ni kijiti chembamba chenye kishikio ambacho watu humwachia fundi kukichomoa. Simamisha gari mahali pa sawa, injini iwe imezimwa kwa dakika kadhaa. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena usome. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Wala usipitishe alama ya juu, kwa sababu krenki huipiga oili iliyozidi ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Oili nyeusi si ubaya, huo ni ushahidi kuwa inasafisha. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na hapo usiliwashe tena gari mpaka fundi alione.

Kopo la oili huandikwa namba kama 5W-30 au 20W-50. Namba ya kwanza yaonyesha namna oili itiririkavyo injini ikiwa baridi, na ya pili yaonyesha uzito wake kwenye nyuzijoto 100. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo oili ilivyo nzito. Wapo mafundi wanaoamini kuwa mji wa joto wataka oili nzito, na hoja hiyo ilikuwa na mashiko katika injini za zamani zenye nafasi pana baina ya vyuma. Lakini injini za Toyota zenye mfumo wa VVT-i hutumia shinikizo la oili hiyo hiyo kugeuza majira ya vali, kwa njia ya vitundu vyembamba na kichujio kidogo, na oili nzito huchelewa kupita humo. Aghalabu namba inayotakiwa imechapwa juu ya kifuniko cha kujazia oili. Ama injini iliyochoka inayopiga kelele, oili nzito yaweza kuinyamazisha kwa muda, lakini kunyamaza si kupona.

Kuimwaga oili ni kazi ambayo mwenye gari aweza kuifanya nyumbani Jumamosi asubuhi. Wengi huifanya kila kilomita 5,000, na kwa oili ya sintetiki hupita hapo. Lakini hapa yafaa tujihadhari na hesabu ya kilomita peke yake. Gari litokalo Mbagala Rangi Tatu kwenda Posta huandika kilomita kumi na chache tu, hali injini yaweza kuwa imezunguka saa mbili nzima ndani ya foleni. Kilomita zinasema gari limekwenda wapi, hazisemi injini imefanya kazi kiasi gani. Kwa hiyo mtu wa foleni ashike kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia.

Washa injini dakika tano ili oili iwe nyepesi, kisha izime. Ukilazimika kuingia chini ya gari, libebeshe stendi za chuma juu ya ardhi ngumu, na uzuie magurudumu kwa mawe. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hasa katika mchanga wa nyua zetu, ambamo jeki huzama bila ya kutoa habari. Fungua kifuniko cha juu, weka beseni chini, na kwa spana ya 14, ambayo ndiyo itumikayo katika Toyota nyingi ndogo, ilegeze nati ya sampo, ukimalizia kwa vidole. Oili ni ya moto, basi uutoe mkono kwa haraka. Iache idondoke hata itoe tone moja moja. Funga nati kwa washa mpya, ikaze kwa kiasi, kwa maana sampo nyingi zimeharibiwa nyuzi zake na nguvu za kujionyesha. Ifungue filta ya zamani, uhakikishe mpira wake haukubaki umenata. Paka oili mpya katika mpira wa filta mpya, uizungushe kwa mkono mpaka iguse, kisha uongeze robo tatu ya mzunguko. Injini ya lita 1.5 ya IST huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Tia kiasi pungufu ya hicho kwanza, pima, kisha ongeza. Washa, uone taa ya oili imezimika, chungulia chini kama pana uvujaji, zima, na baada ya dakika chache pima kwa mara ya mwisho.

Oili chafu isimwagwe mferejini wala shimoni. Mji unaokunywa maji ya visima haufai kujitilia sumu hiyo chini, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza uchafuzi wa namna hiyo. Ihifadhi katika galoni lenye kifuniko uipeleke kwa wanaoikusanya. Hata mafundi seremala huitaka kwa kupaka mbao za paa zisiliwe na mchwa. Kopo tupu nalo litoboe kabla ya kulitupa, kwa kuwa makopo mazima huokotwa, yakajazwa oili ya ghashi na kurudi sokoni yakiwa na jina lile lile.

Filta ya hewa haina ugumu: klipu mbili tatu hufunguliwa kwa mkono. Katika mitaa ya mchanga isiyofikiwa na lami huziba mapema kuliko ilivyoandikwa kitabuni. Ielekeze kwenye jua. Ikiwa mwanga haupenyi, nunua nyingine.

Breki, tairi na betri

Breki ni mashine ya kuugeuza mwendo kuwa joto. Mguu hukanyaga pedali, masta silinda hulisukuma shinikizo katika mafuta ya breki, na kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17 shinikizo hilo hufika sawasawa katika kila gurudumu, pedi zikaibana diski. Joto la kubana hurudi nyuma hadi katika mafuta yale. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 205. Lakini kwa tabia yao hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishiba unyevu kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Yakichemka huzaa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi chini gari likiendelea kwenda. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Basi mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kazi hiyo afanye fundi, kwa kuwa hewa ikibaki ndani ni hatari ile ile. Lako wewe ni kutazama kikopo chake kila juma: yakishuka polepole, pedi zinalika, yakishuka ghafula, yanavuja, usiendeshe.

Tairi nayo hufa kwa joto. Tairi yenye upepo pungufu hukunjika na kukunjuka katika kila mzunguko, ukunjaji huo huipasha moto kwa ndani, na ikipasuka haipasuki uani bali katika mwendo wa kasi wa safari ya Morogoro. Kiasi cha upepo kimebandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva. Ukiona 220 usishangae. Hizo ni kilopaskali, na kwa geji ya fundi pancha ni karibu ya paundi 32. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Tena, kabla ya kununua tairi ya mtumba, tafuta ubavuni namba nne za tarehe: 2316 maana yake juma la 23 la mwaka 2016, na mpira mkongwe hauaminiki hata kama meno yake yangali marefu.

Ama betri, watu huilaumu asubuhi inapokataa kuwasha, wakasahau kuwa iliuawa na joto la mchana wa miezi mingi. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6, na injini ikiwaka husoma baina ya 13.8 na 14.5, ikiwa haipandi hapo, altaneta haichaji, na kununua betri mpya ni kutupa fedha. Unga mweupe au wa kijani katika vichwa vyake huzuia umeme usipite. Zima injini, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, sugua kwa brashi na maji ya moto, kausha, na urudishe chanya kwanza na hasi mwisho.

Mpaka wa mkono wa mwenye gari

Haya tuliyoyataja hayamfanyi mtu kuwa fundi, wala hayo si madhumuni yake. Gasketi ya hedi, majira ya vali, gia otomatiki, mirija ya petroli, eabegi na kutoa hewa katika breki ni kazi za watu waliosomea au waliolelewa katika ufundi, na mji huu unao: chuo cha VETA Chang'ombe huwafunza makenika wa magari, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, hushughulika na elimu ya vyombo vya usafiri, na chini ya miembe ya vitongoji wamo mafundi wasio na cheti ambao masikio yao hutambua beringi iliyokufa kabla boneti haijafunguliwa. Kinachobadilika ni namna ya kusemezana nao. Asiyejua husema, "Fundi, gari linasumbua," na sentensi hiyo humfungulia fundi mlango wa kubahatisha kwa gharama za mwenye gari, hata akiwa mwaminifu. Ajuaye husema, "Maji yanapungua kila juma, mipira ni mizima, chini hapana doa, oili haijabadilika rangi," naye fundi huanza kazi pale maneno yalipoishia.

Kadhalika na duka la spea. Aendaye Gerezani akiwa na kifaa cha zamani mkononi na namba ya chesisi mfukoni hununua mara moja. Aendaye na jina la kifaa tu alilolisikia kwa simu hurudi mara ya pili, na nauli ya kurudi ni juu yake.

Kwa hayo yote chombo cha mwisho ni daftari la shule la bei ndogo, likae katika kisanduku cha dashibodi. Humo uandike tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, aina ya oili, na kiasi cha maji yaliyoongezwa. Kupungua kwa maji kwa kiasi cha kikombe kimoja kila mwezi hakuonekani kwa jicho wala hakukumbukwi na kichwa chenye shughuli, lakini katika ukurasa mmoja wa daftari huonekana mara moja, miezi kadhaa kabla hedi haijapinda. Na tofauti ya bei baina ya themostati na hedi ni tofauti ya fedha ya matumizi ya siku chache na akiba ya miezi mingi. Umeme wa gari, tulioudokeza tu katika habari ya betri, una mengi yake, nao utapewa sura inayofuata.